Barua Ndani ya Unga wa Ulezi

Kaoze,
Jumapili, 3 Machi 2024

Wifi yangu mpendwa Kalista,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba yako hapo Kizwite. Goti lako je? Bado linakuuma ukisimama zamu nzima wodini? Sisi huku hatujambo. Wasichana wawili wakubwa wanaenda shule na kurudi na tope hadi masikioni. Faith ana miezi minane, meno mawili chini, na ananing'ata bila huruma. Mvua inanyesha kama haina kazi nyingine. Mama mkwe anakusalimu, anasema usiisahau ile dawa yake ya kuchua.

Usinicheke kwa kukuandikia barua kama mtu wa zamani. Simu ni ya mdogo wako, na akirudi nyumbani anasoma kila kitu kilichomo, hata meseji za kampuni. Nikiazima ya jirani inabidi nipande kwenye kile kilima chenye mtandao, na pale hukosi watu kumi, wote kimya, wote masikio. Ndiyo maana nimeandika, nikaitia barua kwenye mfuko wa nailoni na kuizika katikati ya unga. Kesho alfajiri Valerian anapanda mjini na mzigo wa mahindi, na unga atakuletea yeye mwenyewe. Nakujua kwa ulezi, wifi. Utabandika uji jioni hiyohiyo, mwiko utagonga nailoni, nawe utanisoma.

Sasa sikia shida yangu. Valerian alikuwa Laela wiki tatu akinunua mahindi. Karudi jana Jumamosi. Sina haja ya kukuchorea. Ni mume wangu, nilikuwa nimemkumbuka, na sitajifanya kwamba nililazimishwa. Lakini sindano yangu ya miezi mitatu ilitakiwa katikati ya Januari. Zahanati iko ng'ambo ya mto, mto umejaa tangu Krismasi, hakuna anayevuka. Kila wiki nilisema ngoja maji yapungue. Na Faith sasa anakula uji, hanyonyi tena kama zamani, na katikati ya Februari niliona siku zangu. Kwa hiyo kinga sina yoyote.

Unakumbuka maneno ya daktari siku niliyojifungua Faith. Tulikuwa mimi na wewe tu. Upasuaji wa pili, chupa tatu za damu, na akasema asishike mimba nyingine kabla ya miaka miwili kutimia, kama bado mnamtaka huyu mama. Valerian alikuwa njiani. Alipofika ulimwambia nimechoka tu, nitapata nguvu. Ulisema tusimtishe, na mimi nikakubali. Sasa kila akimbeba Faith anasema bado mmoja, wa kiume, ndipo tufunge duka. Hajui habari ya sindano. Kadi yangu naificha kwenye debe la mbegu.

Nimesikia kuna vidonge vinaitwa P2, vya kumeza baada ya mambo kutokea. Mama Obed, jirani yangu, yule mwenyekiti wa Jumuiya yetu, anasema kumeza hivyo ni kuua mtoto, na ukivimeza mara mbili kizazi kinakauka. Sijui nimwamini nani. Wewe ni mkunga na ni mtu wa Kanisa, niambie ukweli wako. Je, ni kuua? Vinamezwaje? Nimeshachelewa? Kama si kuua, naomba unitumie kwa huyohuyo Valerian, anarudi Jumatano. Vishone kwenye pindo la kitenge, au vitie ndani ya boksi la dawa ya mafua ya Faith. Nitajua pa kutafuta.

Naogopa, wifi. Nina watoto watatu na sitaki walelewe na mama wa kambo. Sina mwingine wa kumwambia.

Wifi yako,
Asifiwe


Kaoze,
Jumanne, 26 Machi 2024

Dada Kalista,

Shikamoo. Sisi hatujambo, natumaini nawe hujambo.

Nashukuru kwa kitenge alichokuja nacho Valerian ile Jumatano, na sukari, na dawa ya mafua. Kitenge ni kizuri. Nilikifumua pindo lote, kisha nikakipinda upya kwa mkono. Boksi la dawa nilikung'uta juu ya mkeka. Sukari niliichekecha. Watoto walikaa mlangoni wakinitazama, yule mkubwa akaniuliza, mama unatafuta sindano? Nikamwambia ndiyo.

Nimekaa karibu wiki tatu nikijiambia pengine zamu zimekubana, atatuma kwa njia nyingine. Siku zangu zilitakiwa katikati ya mwezi huu. Hazijaja.

Sikulaumu kwa kukataa. Una dini yako, na Valerian ni damu yako, mimi nimeletwa na ndoa. Lakini ungeweza kuandika neno moja tu, hapana, nikajua nimesimama wapi. Nilichokificha kwenye ule unga hakuna mtu mwingine duniani anayekijua. Nilikutumia wewe, nawe ukanirudishia kitenge.

Barua hii nampa Edwin, konda wa gari la hapa. Usihangaike kujibu. Nakutakia Pasaka njema.

Mke wa mdogo wako,
Asifiwe


Kizwite,
Alhamisi Kuu, 28 Machi 2024

Wifi yangu,

Nakusalimu wewe, watoto na mama, na leo salamu zangu ni fupi. Edwin kanipa barua yako saa nane mchana. Nimeisoma nimesimama, bado nina sare ya kazi. Nilipofika kwenye neno unga nikaenda jikoni, nikapanda kwenye stuli na goti langu hilihili, nikaushusha ule mfuko. Fundo lako lilikuwa vilevile ulivyolifunga.

Wifi, Kwaresima hii niliacha ulezi. Wenzangu wanaacha nyama, wengine bia. Mimi mjane ninayekula peke yangu, bia sinywi, nyama ni ya sikukuu, ningeacha nini? Nikaacha uji wa ulezi, kitu ninachokipenda kuliko vyote, nikamwahidi Mungu mpaka Pasaka. Valerian alipoingia na mfuko nilimwambia palepale mlangoni, huo siufungui, nikiunusa tu mfungo wangu umekwisha. Akacheka, akauweka mwenyewe juu ya kabati. Hakukwambia? Huyu angesahau miguu yake kama isingekuwa imeshikana naye. Unga ulikaa pale juu siku ishirini na nne. Nilikuwa naupita asubuhi na jioni, nikijisifu moyoni kwamba safari hii nimefunga kweli.

Unga uliponifikia ile Jumatatu jioni, hata siku mbili zilikuwa hazijatimia. Kutoka mlangoni kwangu hadi duka la dawa ni kuvuka barabara tu. Ningevishona kwenye pindo, ningevishona kwenye kola ya shati lake. Jumatano jioni ungekuwa umemeza. Nimelia leo hadi jirani kaja kugonga.

Maswali yako nitayajibu, ingawa yamechelewa, kwa sababu ulistahili jibu na hukulipata.

Si kuua. Nakwambia kama mkunga wa miaka ishirini na sita. Mbegu za mwanamume zinaweza kukaa ndani ya mwanamke hadi siku tano zikisubiri yai. P2 inalichelewesha yai lisitoke, mbegu zinasubiri, zinachoka, zinakufa, basi. Kama mimba imeshatunga, vidonge hivyo haviitoi wala havimdhuru aliyemo. Na kama yai limeshatoka haviwezi kulirudisha, ndiyo maana tunawaambia watu wakimbie. Leo ni bora kuliko kesho. Ndani ya siku tatu ndiyo nzuri zaidi, hadi ya tano bado inafaa kujaribu ingawa nguvu zinapungua kila siku. Pakiti za vidonge viwili unameza vyote viwili kwa pamoja, za kimoja unameza kimoja. Wapo marafiki wanaogawana pakiti, huyu kimoja yule kimoja, wakidhani wanasaidiana, na wote wawili wanabaki bila kinga ya kutosha. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita, unarudia. Anayenyonyesha anameza. Anayetumia dawa za kifua kikuu, za kifafa au za virusi aseme kwanza, maana baadhi zinaipunguza nguvu. Kizazi hakikauki, hata ukimeza mara mbili, ila siku zako zinaweza kuja mapema au kuchelewa. Na ni ya dharura tu. Inakuhusu ile siku iliyopita, usiku unaofuata haikulindi, wala haizuii magonjwa. Kuna na kitanzi cha shaba, ukiwekewa ndani ya siku hizohizo tano kinashinda hata vidonge, na unabaki nacho miaka. Ningekuita uje tukuwekee. Wifi, mimi mambo haya nawafundisha mabinti kila Jumanne, nikiwa nimesimama mbele ya ubao.

Kuhusu Kanisa, linalo la kwake juu ya uzazi wa mpango, nalijua, na nitajibu mwenyewe siku yangu ikifika. Nimejiuliza mchana wote kama ningekupa au ningesita. Ningekupa. Nataka ulijue hilo kabla ya jingine lolote.

Sasa fanya hivi. Edwin anakuletea kopo la maziwa ya unga la Faith. Chini kabisa kuna vipimo viwili vya mimba. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Ikija mistari miwili, hata mmoja ukiwa hafifu, umeshika. Nakusihi, usimeze kitu chochote cha mtu yeyote, si mizizi, si majani, si vidonge vya gulioni. Ukivuja damu huko na mto umejaa, sina mbio za kukuwahi.

Nilitaka nimpendeze Mungu kwa uji. Nisamehe kama unaweza.

Wifi yako,
Kalista


Kaoze,
Alhamisi, 4 Aprili 2024

Kalista,

Shikamoo. Hatujambo, isipokuwa Faith ana kikohozi kidogo.

Mistari miwili. Nilipima Jumanne, nikapima tena Jumatano nikitumaini cha kwanza kilikuwa kibovu. Yote miwili imekolea kama imechorwa kwa kalamu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Mwanzo nilicheka, nikuambie ukweli. Nilikuona umepanda stuli na goti lako. Kisha nikakasirika hadi nikavunja chungu. Ungekuwa unanichukia, maskini mimi, nikachukiwa vizuri, ningejua la kufanya. Lakini hukunichukia, ulikuwa unasali. Nimlaumu nani sasa? Nimkasirikie Mungu kwa sababu ulimpa uji wako?

Kuna jambo sikukuambia. Jumapili ya tarehe kumi Machi, Valerian alipokuwa shambani, nilikwenda gulioni nikapata P2 kwa mama mmoja anayeuza dawa kwenye beseni. Nilimeza zote mbili. Zilikuwa zimepita siku nane. Sikujua habari ya siku tano, hakuna aliyeniambia. Sasa usingizi sipati. Nimemharibu? Atazaliwa bila vidole? Mama Obed anasema Mungu huweka alama. Sikumwambia ni mimi, nilisema ni binti mmoja wa Laela.

Na kuna mama anayetoa mimba kwa mti fulani, anakaa karibu na mashine ya kusaga. Nimepita mlangoni kwake mara mbili. Sikuingia. Nilikumbuka ulivyoandika kuhusu mbio zako.

Valerian hajui chochote. Ananiuliza kwa nini sili. Mimi siwezi kumwambia, kwa sababu nikianza na mimba nitalazimika kumwambia na sindano, na kadi ya debeni, na maneno ya daktari, na atataka kujua kwa nini mkewe na dada yake walikaa miezi tisa wakimtazama usoni. Wewe ndiye uliyesema tusimtishe. Mtishe sasa wewe.

Asifiwe


Kizwite,
Jumanne, 9 Aprili 2024

Wifi yangu,

Habari za watoto? Kikohozi cha Faith kikizidi siku tatu uniambie.

Kwanza lile linalokunyima usingizi. Hujamharibu. Vidonge vile havina nguvu juu ya mimba iliyokwisha kuingia, havitoi, havikati vidole, havimgusi. Wamevimeza wengi bila kujua wameshashika, na watoto wakazaliwa kama watoto wengine, nimewapokea kwa mikono yangu. Mama Obed namheshimu kwa rozari, lakini kwa mambo ya kizazi akae mbali na mgonjwa. Lala, mama.

La pili, nimemtisha. Nilimpigia simu aje, nikamwambia ni mambo ya shamba la marehemu baba ili asikuulize. Alikaa kwenye kile kiti chake cha siku zote nami nikamweleza kuanzia siku ya Faith. Chupa tatu, maneno ya daktari, uongo wangu, sindano zako, barua, unga. Aliposikia unga alinyanyuka, akatazama juu ya kabati. Akasema, dada, niliuweka mimi. Nikamwambia ndiyo. Akasema, nilikuwa nimeubeba magotini njia nzima, nikawa nautania, huu unga wa mke wangu mzito kweli. Kisha akatoka nje akasimama kwenye mvua kama mbuzi aliyekosa banda. Sikumfuata.

Alikasirika, sikufichi. Alikasirika kwamba wanawake wawili wa maisha yake walimfanya kama mtoto mdogo. Nilimwambia ana haki, ila hasira hiyo aimalizie kwangu, asiifikishe Kaoze. Alipotulia aliniuliza swali moja tu, atapona? Nikamwambia sijui, lakini njia ya kupona ipo. Uhudhurie kliniki kila mwezi. Mwisho wa Oktoba uhamie kwangu kabla mvua haijafunga barabara. Upasuaji upangwe hospitalini mapema, na damu iwe imeandaliwa. Amekubali yote. Amesema asimsikie mtu akimtaja tena huyo wa kiume.

Barua hii anakuletea yeye. Haijafungwa, na njiani ataisoma kama ninavyomjua. Aisome.

Wifi yako,
Kalista


Kizwite,
Jumapili, 15 Desemba 2024

Wifi yangu mpendwa,

Natumaini mlifika salama na barabara haikukutikisa mshono. Felisiani ananyonya vizuri? Wakubwa wamempokeaje mdogo wao wa kiume? Mwambie mama asimpe maji, hata ya kulainisha koo, nimeshamwambia mara mia.

Siku kumi zimepita tangu muondoke. Ulikaa kwangu wiki tatu kabla ya kujifungua na wiki tatu wodini baada yake, na katika wiki zile za mwisho sidhani kama uliniambia maneno ishirini. Sikulalamika, na sasa silalamiki. Nilikuwa mle ndani siku ile ya upasuaji. Niliona damu ilivyogoma kukatika, nikamsikia daktari akisema kizazi kitoke au tumpoteze. Mimi ndiye niliyetoka kumwambia Valerian atie sahihi. Una miaka thelathini na moja. Nilikuletea uji wa ulezi wodini kwa sababu ndiyo kitu pekee ninachojua kukifanya mtu akiumwa, na nilipouweka mbele yako ukageukia ukutani. Nilielewa hapohapo. Ningeweza kukuletea chai.

Nimejifunza kitu kimoja uzeeni. Kabatini kwangu sasa zipo pakiti sita za P2, zinakaa nyumbani, si kazini. Anayegonga mlango wangu anapewa maelezo na pakiti, awe mke wa mtu, awe binti wa kwaya. Paroko kasikia. Kaniita, tumezungumza, hatukukubaliana, na bado nasoma somo la pili Jumapili. Hilo halikurudishii chochote. Nakwambia tu ulijue.

Niandikie hata mstari mmoja.

Wifi yako,
Kalista


Kizwite,
Jumatatu, 20 Januari 2025

Wifi yangu,

Heri ya mwaka mpya, na poleni na mvua. Edwin anasema barua aliifikisha mkononi mwako, ukaipokea, ukamshukuru. Basi najua unazo habari zangu. Za kwenu nazipata kwa Valerian tu, na unamjua kwa maneno. Wazima, basi. Felisiani? Mzima. Asifiwe? Yupo.

Sitakusumbua tena. Ukiniandikia nitajibu siku hiyohiyo. Usiponiandikia nitaendelea kutuma dawa ya mama ya kuchua, na soksi za watoto, na utajua zimetoka kwa nani.

Wifi yako siku zote,
Kalista


Kaoze,
Jumanne, 4 Machi 2025, saa kumi na mbili asubuhi

Kalista,

Salamu zitafuata kwa barua nyingine. Soma hii umesimama.

Ni Mama Obed. Ndiyo, yuleyule. Mtoto wake mdogo ana miezi saba, yule wa kabla yake hajafika miaka miwili, na yeye mwenyewe presha ilimpanda uzazi uliopita akapoteza fahamu. Kondomu ilipasuka Jumapili saa nne usiku. Alikuja kwangu jana jioni amejifunika kanga hadi usoni, akakaa uani muda mrefu akiongea habari za kuku. Nikamwambia mama, sema. Akaniuliza kama yule binti wa Laela alipona. Nikamwambia yule binti ni mimi. Tukalia wote wawili, kisha nikamwambia kulia kumetosha, sasa tuhesabu.

Mpaka naandika hapa ni saa thelathini na mbili. Mto umejaa, zahanati haifikiki. Radi ilipiga mnara Ijumaa, hata kilimani hakuna mtandao. Dawa nyingine hatumii, nimemuuliza. Ana maziwa, ananyonyesha. Nimemwambia vyote viwili kwa pamoja, na akitapika kabla ya saa mbili arudie, kwa hiyo mpe Valerian pakiti mbili.

Valerian anajua kila kitu, ndiye aliyesema atakuja. Amechukua pikipiki ya jirani yetu Eustaki. Barua hii ameibeba kwenye mfuko wa shati, wazi, na yuko mbele yako sasa hivi na tope hadi kiunoni. Usimkaribishe chai. Usimuulize habari za watoto. Akikaa kwenye kile kiti chake atasinzia na giza litamkuta mlimani. Mpe, umgeuze.

Mimi mwenyewe sihitaji tena vitu hivyo, na ziko siku hilo linanilaza kitandani hadi mchana. Barua zako zote mbili ninazo. Sikujibu kwa sababu kila nilipoanza, niliuona ule mfuko juu ya kabati, na wewe unaupita. Bado nauona. Lakini jana Mama Obed aliponiuliza tukimbilie wapi, jina lililonitoka mdomoni lilikuwa lako, kabla sijalifikiria.

Kesho ni Jumatano ya Majivu. Nimemfungia Valerian unga wa ulezi, kilo mbili, hauna kitu ndani. Mfungo wa mwaka huu, acha kingine.

Wifi yako,
Asifiwe